Penye Wazee Paliharibika Neno

Katika riwaya ya To Kill a Mockingbird, watoto watatu wa Kizungu wanaingia mahakamani bila mzazi kujua. Ukumbi wa chini umejaa Wazungu. Juu, kwenye roshani, wamekaa Weusi, kama desturi ya Alabama ya miaka ya 1930 ilivyotaka. Mchungaji Sykes wa kanisa la Weusi anawaona watoto wakihangaika, anawapandisha juu, na watu wanne wanasimama kuwapisha viti vya mbele. Kutoka hapo Scout, kaka yake Jem na rafiki yao Dill wanaitazama kesi ya Tom Robinson, kibarua Mweusi anayeshtakiwa kwa kumbaka msichana wa Kizungu. Wakili wake ni Atticus Finch, baba yao Scout na Jem.

Wazee wote wa mji wapo. Yupo jaji, yupo sherifu, lipo jopo la wanaume 12 ambao uamuzi wao ndio utakaosimama. Kwetu tunao msemo kwamba penye wazee haliharibiki neno. Siku ile wazee walikuwepo, ushahidi ulikuwepo, na neno likaharibika mbele ya watoto. Jem, ambaye alikuwa na hakika kwamba baba yake ameshinda, analia.

Riwaya hii ya Harper Lee ilitoka Julai 1960, ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na mwaka 1962 ikatengenezwa filamu iliyompa Gregory Peck tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Atticus. Imefundishwa shuleni kwa miongo mingi, na mara nyingi mazungumzo huishia kwa Atticus: mgane mpole, mwenye miwani, anayeshika kesi anayojua atashindwa. Mimi nasoma historia, na kila nikiirudia riwaya hii linanikaa swali jingine. Inasimuliwa na mtoto, na uchungu wake mkubwa ni uchungu wa mtoto kugundua kwamba watu wazima wa mji wake wanaweza kumwua mtu asiye na kosa huku wakiendelea kwenda kanisani. Je, katika Alabama halisi ya wakati ule, ni nani aliyeruhusiwa kuwa mtoto?

Tuanze na mtoto tunayemjua. Harper Lee alizaliwa Aprili 1926 katika mji mdogo wa Monroeville, kusini mwa Alabama. Baba yake, Amasa Coleman Lee, alikuwa wakili, mhariri wa gazeti la mji na mbunge wa jimbo. Rafiki yake wa utotoni, aliyekuja kuwa mfano wa Dill, alikuwa Truman Capote, naye akawa mwandishi mashuhuri. Mwaka 1919, kabla Harper hajazaliwa, baba yake aliwatetea watu Weusi wawili, mtu na mwanawe, walioshtakiwa kwa kumwua mwenye duka Mzungu. Wote wawili walinyongwa. Harper alipokuwa na miaka saba, mtu Mweusi aitwaye Walter Lett alishtakiwa papo hapo Monroeville kwa kumbaka mwanamke wa Kizungu. Alihukumiwa kifo, gavana akaibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 1937 Lett akafa akiwa bado mikononi mwa serikali.

Huyu ndiye mtoto aliyekua akasimulia. Alikaa karibu sana na dhuluma, akaiona, akaisikia ikizungumzwa mezani, lakini haikumgusa mwilini. Scout yuko hivyo hivyo. Mtazamo wake umejengwa na roshani: anaona kila kitu, na hakuna mtu atakayemfuata kule juu kumkamata.

Sasa tupande kaskazini mwa jimbo hilo hilo. Tarehe 25 Machi 1931 treni ya mizigo ilikuwa inatoka Chattanooga, Tennessee, kuelekea Memphis, ikipita Alabama. Mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeanza kuuma, na vijana wengi, Weusi kwa Wazungu, walidandia mabehewa wakitafuta vibarua. Ukazuka ugomvi. Vijana wa Kizungu walioshushwa kwa nguvu wakaenda kushtaki, na treni ilipofika Paint Rock ilikuwa inasubiriwa na kundi la wanaume wenye bunduki. Vijana Weusi tisa wakakamatwa. Ndani ya treni walikutwa pia wanawake wawili wa Kizungu, Victoria Price na Ruby Bates, na muda mfupi baadaye shtaka la ugomvi likageuka shtaka la ubakaji.

Wa mwisho kwa umri kati ya wale tisa, Eugene Williams na Roy Wright, walikuwa na takribani miaka 13. Olen Montgomery alikuwa haoni vizuri. Willie Roberson alikuwa mgonjwa kiasi cha kutembelea fimbo. Anayeijua riwaya atamkumbuka hapa Tom Robinson na mkono wake wa kushoto uliopooza, mkono ambao kama jopo lingeutazama kwa macho mawili lingejua kwamba hakuweza kufanya alichoshtakiwa nacho. Katika mji wa Scottsboro nao hawakutazama fimbo wala macho. Kesi zilianza tarehe 6 Aprili, siku 12 tu baada ya kukamatwa. Katika siku chache vijana wanane wakawa wamehukumiwa kifo.

Wa tisa alikuwa Roy Wright, na kesi yake ndiyo inayonisimamisha. Kwa sababu ya umri wake, upande wa mashtaka wenyewe uliomba kifungo cha maisha badala ya kifo. Wajumbe 11 wa jopo wakakataa. Walitaka ahukumiwe kifo. Kwa kuwa hawakukubaliana na mwenzao mmoja, kesi ilivunjika bila hukumu, na Roy akabaki ndani. Hakuwahi kutiwa hatiani. Alitoka Julai 1937, miaka sita baadaye, pamoja na Montgomery, Roberson na Williams, mashtaka yao yakiwa yamefutwa. Aliingia mtoto, akatoka mtu mzima. Kaka yake Andy, aliyekamatwa naye siku moja, alitoka gerezani kwa mara ya mwisho mwaka 1950.

Weka watoto hawa wawili kwenye kalenda moja. Machi 1931 Harper Lee alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitano. Alikuwa anaanza ule utoto wa kupanda miti, kuogopa nyumba ya jirani na kumsumbua baba kwa maswali, ambao baadaye ungesomwa duniani kote. Roy Wright, katika jimbo hilo hilo, alikuwa anasikiliza wanaume 11 wazima wakiomba kifo chake. Umri peke yake haukutosha kumfanya mtu awe mtoto Alabama. Ilibidi rangi ikubali.

Riwaya yenyewe inalijua hili, hata kama hailisemi. Kuna usiku ambapo kundi la wanaume linakuja jela kumtoa Tom Robinson ili wamwue. Atticus amekaa mlangoni na gazeti lake. Watoto wanatokea gizani, na Scout, asiyeelewa kinachoendelea, anamsalimia mmoja wa wanaume hao kwa jina, anamuulizia mwanawe anayesoma naye shule. Yule mzee anaona aibu, anawaambia wenzake waondoke. Ni tukio zuri mno, na wasomaji wengi hulipenda kuliko yote. Lakini jaribu kubadilisha mtoto. Weka pale mmoja wa watoto watatu wa Tom Robinson, apenye katikati ya wanaume wale walevi na kuwasalimia. Tukio linavunjika papo hapo. Kilichomlinda Scout usiku ule ni kwamba kila mwanaume katika kundi lile alimwona kuwa mtoto.

Na watoto wa Tom wako wapi? Wapo, ila kwa mbali. Tom anapouawa kwa risasi gerezani, Atticus na mpishi wake Calpurnia wanaenda kumpa habari mkewe, Helen. Msichana mdogo anatokea mlangoni, anatabasamu, anashindwa kushuka ngazi. Atticus anavua kofia, anampa kidole ashike, anamshusha polepole. Scout hakuwepo. Habari hii ameipata kwa Dill, aliyekuwepo pale pamoja na Jem. Kwa hiyo yule mtoto anatufikia kupitia midomo ya watoto wa Kizungu, na yeye mwenyewe hasemi kitu. Hatujui aliambiwa nini jioni ile. Kuhusu utoto wa Tom mwenyewe tunaambiwa karibu jambo moja tu: kwamba alipokuwa mvulana mkono wake ulinaswa kwenye mashine ya kuchambua pamba. Utoto wake unaingia mahakamani kama kielelezo cha ushahidi, basi.

Tuje kwenye ujasiri, kwa maana hili ndilo neno ambalo riwaya hii imelibeba kuliko jingine. Atticus anawafundisha watoto wake kwamba ujasiri hauko kwenye bunduki. Anawaonyesha bibi kizee jirani, mkali na mbaguzi, aliyekuwa anaacha dawa ya kulevya ili afe akiwa huru, na anawaeleza kwamba jasiri ni yule anayeanza akijua ameshashindwa na bado anaanza. Ni kipimo kizuri. Shida ni kwamba tunapokitumia, tunampima nacho Atticus peke yake.

Tukipime kwa watu wa Scottsboro. Mwaka 1933 kesi ilirudiwa mjini Decatur, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua mwaka 1932 kwamba vijana wale walinyimwa haki ya kuwa na wakili wa kweli. Ruby Bates, mmoja wa wale wanawake wawili, akaja mahakamani upande wa utetezi na kusema kwamba hakuna aliyebakwa. Alikuwa msichana maskini, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na alijua atazomewa. Alizomewa. Jopo halikumsikiliza, likamtia Haywood Patterson hatiani tena na kumhukumu kifo. Ndipo Jaji James Horton, Mzungu wa Alabama, alipoupitia ushahidi upya, akaona hauwezi kubeba hukumu ile, akaitengua mwezi Juni 1933. Mwaka uliofuata alisimama tena katika uchaguzi wa majaji, wapiga kura wakamtoa. Katika riwaya, Atticus baada ya kesi anachaguliwa tena bungeni bila kupingwa. Historia ilikuwa kali kuliko hadithi.

Na kulikuwa na akina mama. Ada Wright, mama yao Roy na Andy, alikuwa mfanyakazi wa ndani huko Chattanooga. Mwaka 1932 alivuka bahari akazunguka miji mingi ya Ulaya, akisimama mbele ya umati ambao hakujua lugha yao, kusema kwamba wanawe hawana hatia. Habari za Scottsboro zikaenea hadi London. Mwaka 1934 Nancy Cunard alichapisha huko mkusanyiko mkubwa wa maandishi kuhusu watu Weusi duniani. Ndani yake yeye mwenyewe aliandika juu ya Scottsboro, na ndani ya kitabu hicho hicho mna makala kuhusu Kenya iliyoandikwa na Mkikuyu aliyekuwa akiishi Uingereza, Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimjua kama Jomo. Kwa hiyo tangu mwanzo kesi ya watoto wa Alabama ilisomwa pamoja na kesi ya ardhi ya Kenya.

Ujasiri wa Ada Wright una tofauti na ule wa Atticus. Atticus angeweza kukataa kesi na maisha yake yangeendelea kama kawaida. Ada hakuwa na mlango wa kutokea. Katika riwaya mtu wa aina yake ni Helen Robinson, na waumini wa kanisa lake wanaochanga mpaka zipatikane dola 10, Mchungaji Sykes akiwa amefunga milango asitoke mtu. Tunapita haraka mahali hapo tukikimbilia mahakamani. Nadhani ni mahali pa kukaa kidogo. Vibarua wa pamba, katika mdororo, wanatoa sarafu moja moja kwa ajili ya mke wa mtu ambaye mji mzima umeshamhukumu.

Lee aliandika rasimu zake New York katikati na mwishoni mwa miaka ya 1950, na nyumbani Alabama wakati huo mambo yalikuwa yanageuka. Tarehe 2 Machi 1955, mjini Montgomery, msichana wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikuwa anatoka shule kwa basi. Dereva akamwamuru ampishe mwanamke wa Kizungu. Colvin hakusimama. Shuleni walikuwa wamejifunza historia ya watu Weusi, na alieleza baadaye kwamba alihisi mikono ya Harriet Tubman na Sojourner Truth ikimkandamiza mabegani abaki ameketi. Polisi wakamtoa kwa nguvu, wakamfunga pingu, wakampeleka kwenye seli ya watu wazima. Ilikuwa miezi tisa kabla ya Rosa Parks kufanya jambo lile lile katika mji ule ule.

Mkumbuke msichana huyu unaposoma juu ya wale watu wanne wa roshani waliosimama kuwapisha watoto watatu wa Kizungu. Riwaya inaliona tendo lao kuwa ukarimu, na huenda lilikuwa ukarimu. Lakini lilikuwa pia sheria ya mahali pale, na kabla kitabu hakijafika madukani kulikuwa tayari na mtoto aliyeikataa.

Viongozi wa Weusi wa Montgomery walisita kumfanya Colvin kuwa sura ya mapambano. Alikuwa mdogo mno, walisema, na punde akapata mimba. Hata hivyo jina lake lilikuwa miongoni mwa wanawake wanne waliofungua kesi ya Browder dhidi ya Gayle, na ni kesi hiyo iliyofuta ubaguzi katika mabasi ya Montgomery mwaka 1956. Alitoa ushahidi akiwa na miaka 16.

Halafu ikaja Birmingham. Katika majira ya kuchipua ya 1963 kampeni ya Martin Luther King katika mji huo ilikuwa inakwama. Watu wazima walioweza kwenda jela walikuwa wamepungua, na sababu haikuwa woga. Mtu mzima akikamatwa anafukuzwa kazi, anaondolewa kwenye nyumba ya kupanga, na familia nzima inalala njaa. James Bevel, mmoja wa wasaidizi wa King, akatoa hoja ambayo wengi waliiona ya kichaa: mtoto hana kazi ya kufukuzwa. Wakaanza kuwafundisha wanafunzi kanisani jinsi ya kuandamana bila kurudisha pigo.

Tarehe 2 Mei watoto zaidi ya 1,000 waliacha masomo. Walitoka katika Kanisa la Kibaptisti la 16th Street kwa makundi, wakiimba, na mamia wakakamatwa siku hiyo hiyo. Kesho yake mkuu wa usalama wa mji, Eugene "Bull" Connor, akawatolea mbwa wa polisi na mabomba ya zimamoto ambayo nguvu ya maji yake iliwaangusha na kuwaburuta barabarani. Picha zikazunguka dunia. Jela zikajaa hadi watoto wakawekwa kwenye viwanja vya maonyesho. Mmoja wao, Audrey Faye Hendricks, alikuwa na miaka tisa. Aliwaaga wazazi wake akaenda kukamatwa, akakaa ndani karibu wiki nzima.

Si kila mtu aliyeipenda njia hii. Malcolm X alisema wanaume wa kweli hawawaweki watoto wao kwenye mstari wa risasi. Mwanasheria Mkuu Robert Kennedy naye alionya. King mwenyewe alikuwa amesita. Siwezi kuwabeza waliopinga. Mzazi yeyote mwenye akili timamu angeuliza swali hilo, na kuna jambo linalochoma katika kuwaona watoto wakibeba mzigo ambao wazee wameshindwa kuutua. Ila hoja ya kwamba watoto walindwe inadhani kwamba kulikuwa na mahali pa kuwalinda. Roy Wright hakuwa ameandamana popote. Alikuwa amepanda treni.

Watoto wa Birmingham walilijua hili bila kusoma kitabu. Mji wao haukuwahi kuwahesabu kuwa watoto, na sasa wao waliutumia utoto wao mbele ya kamera za dunia. Tarehe 10 Mei mapatano yakatangazwa ya kuondoa ubaguzi katika migahawa na maduka ya katikati ya mji. Siku 10 baadaye bodi ya elimu ikawafukuza au kuwasimamisha wanafunzi zaidi ya 1,000, na ikabidi mahakama ya rufaa iingilie kati siku mbili baadaye kuwarudisha. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ina jasho lao ndani yake.

Katika kitabu alichokitoa mwaka huo wa 1964 kuhusu mapambano ya Birmingham, King anamtaja Atticus Finch. Anakumbusha usiku ule wa jela, wakili mbele ya kundi la wauaji, kama mfano wa nguvu ya ujasiri wa kimaadili isiyotumia silaha. Na hakuisahau sehemu iliyobaki: anamtaja pia binti mdogo wa Atticus. Katika riwaya Atticus alikuwa amezidiwa. Aliyewarudisha wanaume wale majumbani kwao ni mtoto, kama ilivyokuwa Birmingham.

Malipo hayakuchelewa. Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963 baruti ililipuka katika kanisa lile lile la 16th Street. Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11, waliuawa wakijiandaa kwa ibada ya vijana. Jioni ile ile Johnny Robinson, miaka 16, alipigwa risasi ya mgongoni na polisi. Virgil Ware, miaka 13, alikuwa amepakiwa mbele kwenye baiskeli ya kaka yake wakati kijana wa Kizungu aliyepita na mwenzake kwenye pikipiki alipompiga risasi akafa. Vijana wale wawili walikuwa na miaka 16 kila mmoja. Walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo kikaahirishwa, wakawekwa chini ya uangalizi na kurudi nyumbani.

Rudisha macho kwa wajumbe 11 wa Scottsboro. Kwa mtoto Mweusi wa miaka 13 asiye na kosa, kifungo cha maisha kilionekana kidogo. Kwa vijana wa Kizungu wa miaka 16 waliomwua mtoto wa miaka 13, uangalizi ulionekana kutosha. Kati ya mambo hayo mawili imepita miaka 32, na katika miaka hiyo riwaya nzuri kuhusu utoto na haki iliandikwa, ikasomwa, ikalizwa machozi.

Sisemi tuiache. Lee aliandika alichokiona kutoka pale alipokaa, na alikiandika kwa uaminifu kiasi kwamba nyufa zake zinaonekana. Mwaka 2015 ilipotoka Go Set a Watchman, aliyoiandika kabla, wasomaji wengi waliumia kumkuta Atticus mzee akihudhuria mkutano wa wabaguzi. Mimi sikuona ajabu sana. Mtu anaweza kumtetea Mweusi mmoja mahakamani kwa moyo wake wote na bado akataka Weusi wote wabaki roshani. Alabama ilikuwa na wengi wa namna hiyo, na wengine walikuwa watu wema kwa majirani zao. Nadhani riwaya hii inasomeka vizuri zaidi tukiwapa nafasi kando ya Scout watoto ambao yeye hakuweza kuwaona, tena tuwape kwa majina: Roy, Eugene, Claudette, Audrey, Virgil.

Claudette Colvin alihukumiwa mwaka 1955 kwa kumshambulia polisi na kuwekwa chini ya uangalizi wa mahakama. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba muda wa uangalizi huo umekwisha. Aliondoka Alabama, akafanya kazi New York miaka mingi ya kuwauguza wazee, akapata wajukuu na vitukuu, rekodi ile ikiwa bado ipo. Mwaka 2021 aliwasilisha ombi ifutwe, na mwezi Novemba jaji wa Montgomery akakubali. Kwa kuwa kosa lilikuwa la msichana wa miaka 15, ombi lilipaswa kwenda kwenye mahakama ya watoto. Ndiyo iliyompokea. Alikuwa na miaka 82.